Sura ya Sita: Hukumu ya Uwanja

Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijazimika kabisa kusini, Mjerumani Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliingia bara kutoka Lindi na msafara wa wapagazi. Alipita Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Katika mizigo yake mlikuwa na fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye mitungi ya nta. Masasi alimkuta Sulila, mwimbaji kipofu, na jina hilo akaliandika kitabuni. Wengi walioimba mbele ya mashine za wasafiri wa zama zile hawakubahatika hata hilo.

Mitungi ya nta ikasafiri hadi Berlin, kwenye hifadhi ya sauti iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1900. Mwaka 1909 mwanazuoni Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa katika safari hiyo ya Weule. Alipima ngazi za sauti, akahesabu mapigo, akaziandika kwa noti. Ninavyojua mimi, huo ni kati ya uchambuzi wa kwanza kuandikwa juu ya muziki ulionaswa katika nchi hii. Uliandikwa Kijerumani, na mtu ambaye hakuwa amekanyaga Masasi, kwa wasomaji ambao wasingekanyaga.

Kazi ya Hornbostel ilikuwa ya makini na siidharau. Lakini kuna jambo ambalo fonografu haikuweza kulibeba: kauli ya waliokuwa wamesimama pembeni. Pale Sulila alipoimba palikuwa na watu waliomjua, waliokwisha kumsikia jana na juzi, waliojua lini sauti yake imekaa na lini imechoka, wimbo upi ni wake na upi kauazima kwa mwingine. Hao ndio waliokuwa wahakiki wake. Hakuna aliyewauliza. Sauti ilichukuliwa, hukumu yao ikaachwa uwanjani.

Utaratibu huo haujafa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya mtaani Dar es Salaam. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana, na 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani yaliziandikia albamu hizo uchambuzi kamili: kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika, vinanda vilivyokatwakatwa na kurudiwa, namna muziki unavyompa mchezaji sekunde chache tu za kupumua. Wakati huohuo, mtu aliyetaka kusoma kwa Kiswahili jinsi singeli inavyotengenezwa alikuwa na karatasi chache sana za kushika. Alichopata kwa wingi ni habari za vigodoro, ugomvi na polisi kuzima sabufa.

Wenzetu wamefanya uchambuzi wa albamu kuwa kazi ya mshahara. Tangu mwaka 1969 Robert Christgau, katika gazeti la Village Voice la New York, alikuwa akizipa albamu alama za herufi kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Pitchfork, iliyoanza 1996, ikaenda hadi kwenye nukta: saba nukta nane, sita nukta tatu. Watu waligombana juu ya nukta hizo, na zikamfanya mwanamuziki asiyejulikana ajulikane. Hata huko kazi hiyo ina misukosuko. Januari 2024 kampuni mama ya Pitchfork ilitangaza kuiingiza chini ya jarida la GQ na wafanyakazi kadhaa wakapoteza ajira. Sitamani tuige alama zao. Ninachokitamani ni ule uzito: mtu kukaa na albamu, kuisikiliza wimbo hadi wimbo, akarudia, kisha akaandika imesimama wapi na imeanguka wapi, na jina lake likawa chini ya maandishi.

Albamu zenyewe tunazo. Kizazi cha kanda kilikuwa nazo. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001, ilisikilizwa upande A na upande B, na vijana wa wakati huo wanaweza kukutajia mpangilio wake mpaka leo. Kisha uharamia ukala soko la kanda na CD, wasanii wakahamia kwenye wimbo mmoja mmoja na video yake. Kuanzia mwaka 2018 albamu zikarudi kwa nguvu, zikibebwa na huduma za kusikiliza mtandaoni: A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz mwaka huo, Only One King ya Alikiba 2021, The Kid You Know ya Marioo 2022. Kila moja ilizinduliwa kwa shamrashamra, na kila moja iliandikwa magazetini. Iliandikwa nini? Nani alihudhuria uzinduzi, alivaa nini, kolabo ni ngapi, video imetazamwa mara ngapi, na je, fulani amempongeza fulani au amenuna. Wapo wachache waliokataa njia hiyo. John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band, Wana Njenje, ameandika kwa miaka mingi kuhusu muziki wa dansi na watu wake, kwa sikio la mtu aliyeshika ala. Lakini mtu mmoja na wenzake wawili watatu hawawezi kuibeba nchi nzima.

Tatizo letu lina mzizi, na mzizi huo hauko mbali na Masasi. Wamisionari wa UMCA walifungua kituo chao Masasi mwaka 1876, wakianza na watu waliokombolewa utumwani. Katika karne iliyofuata Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alijulikana mbali kwa kuingiza jando ndani ya Kanisa: sherehe ikabaki, ila kilichoonekana hakifai Mkristo kikaondolewa au kubadilishwa. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri kwa zama zake, kwani wengine walitaka jando lifutwe lote. Lakini tazama kipimo kilichotumika. Wimbo ulipimwa kwa maneno yake: una adabu au hauna, unafaa au haufai. Namna ngoma ilivyopigwa, nani aliijua na nani alibabaisha, hayo hayakuwa na nafasi katika mizani hiyo.

Baada ya Uhuru mizani ileile ilihamia Dar es Salaam. Redio Tanzania ndiyo iliyokuwa studio na ndiyo iliyokuwa redio ya nchi. Bendi ilipopeleka nyimbo za kurekodi, maneno yalipitiwa kwanza. Shuleni nasi tukafundishwa uhakiki wa fani na maudhui, na kwa kuwa mtihani ulihusu riwaya, tamthiliya na ushairi, wimbo ulisomwa kama shairi lililobahatika kuimbwa. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, nalo limejulikana kwa umma zaidi pale linapofungia wimbo kwa sababu ya maneno. Mwaka 2017 Wapo ya Nay wa Mitego ilimtia msanii mikononi mwa polisi, kisha Rais Magufuli akaelekeza aachiwe na wimbo upigwe. Mwaka 2018 Mwanza ya Rayvanny na Diamond ikafungiwa. Nchi nzima ilijadili, kwa hasira na kwa hoja, na sikumbuki mjadala uliogusa mdundo wa wimbo wowote kati ya hizo mbili. Kwa zaidi ya miaka mia tumezoezwa kuusikiliza muziki kwa kuusoma. Ndiyo maana mwandishi wetu akipewa albamu isiyo na maneno makali anakosa la kusema.

Sasa tupande Newala.

Mji umekaa ukingoni mwa uwanda, na ukisimama Shimo la Mungu ardhi inakatika mbele yako, bonde la Ruvuma likafunguka mpaka Msumbiji. Masasi iko chini, magharibi, katikati ya vilima vya mawe, na huko Wamakua na Wayao wanaishi na Wamakonde na wengine. Si nchi ya lugha moja wala ngoma moja. Mji wa Mtwara umekuwa na tamasha la ngoma za asili liitwalo MaKuYa, na jina hilo limetungwa kwa silabi za makabila hayo matatu. Huku ngoma si kumbukumbu ya wazee. Jando na unyago vinachezwa, misimu yake inajulikana, na watoto wanakua wakijua sauti ya ngoma kabla hawajajua jina lake.

Hukumu ya uwanja inaanza kabla ya wimbo. Moto unawashwa, ngozi za ngoma zinasogezwa zipashwe ziwambike, na mpigaji anagonga, anasikiliza, anarudisha motoni, anagonga tena. Wanaosubiri hawapigi kelele za kumharakisha, kwa kuwa wanajua ngoma iliyolegea itamwangusha mchezaji. Vinganga, ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupigwa kwa fimbo nyembamba. Sauti yake ni kali na inapenya, nayo inakaa juu ya ngoma kubwa zenye sauti nzito. Mtu aliyekulia hapa husikia tabaka hizo moja moja. Anajua ngoma ipi imeingia mapema, ipi imechelewa, na ipi inafunika wenzake kwa sababu mpigaji wake anataka sifa.

Kisha inakuja midimu, wachezaji wa vinyago. Mpigaji na mwenye kinyago wanasemezana kwa mguu na fimbo: mwenye kinyago akikata hatua, ngoma ikate naye. Wakipishana, watu wanaona. Ng'ambo ya Ruvuma ngoma hiyo huitwa mapiko, na mwanahistoria Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014, ameonyesha jinsi vikundi vya mapiko vya Msumbiji vilivyoishi kwa ushindani, kila kizazi kikibuni mtindo wa kukipiku kilichotangulia. Na pakiwa na ushindani lazima pawe na waamuzi, watu wenye macho na masikio ya kusema kipya ni kipi na kipi kimeigwa. Waamuzi hao hawaandiki. Hukumu yao ni vigelegele, ni fedha anayotunzwa mchezaji, ni mama anayeingia katikati kwa sababu mwili umekataa kukaa nje. Na hukumu kali kuliko zote ni ukimya: watu wanasogea pembeni mmoja mmoja, wanaanza kuzungumza mambo ya shamba.

Tanzania nzima inaijua sindimba, na historia yake jukwaani inaonyesha kinachotokea muziki unapohamishwa ukaachwa na waamuzi wake. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata, na sindimba ikawa mojawapo ya ngoma zilizobebwa kutoka kusini mpaka viwanja vya sherehe za kitaifa na shule za mikoa yote. Ilipata heshima, ikapata pia lawama za wale walioona kiuno tu. Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa mengine. Ngoma iliyochukua saa nyingi ilifupishwa iwe ya dakika chache, kabla mgeni rasmi hajachoka. Wachezaji waliozungukwa na watu walipangwa mstari kuwatazama walioketi. Aliyekuwa na haki ya kuingia uwanjani akageuzwa mtazamaji wa kupiga makofi mwishoni. Sindimba iliyobaki ilikuwa nzuri kuitazama, na mpaka leo inapendeza, ila ilikuwa imepoteza wale waliojua kuisahihisha ikiwa inaendelea. Ninaiona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko yote tuliyopata katika utamaduni wa jukwaa, na hatujaizungumza vya kutosha.

Jambo lisiloandikwa ni kwamba sikio hilo halikufa muziki wa studio ulipofika. Lilihamia nao. Kwa miaka mingi, Masasi na Newala kama miji mingine, albamu ilimfikia msikilizaji kupitia kibanda cha kijana mwenye kompyuta anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kijana huyo alikuwa mhakiki wa mtaa. Mama alipofika na simu yake, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Shikamoo mama. Unataka za shughuli au za kusikiliza?"

"Marahaba mwanangu. Za shughuli. Niwekee zile zinazoinua watu, zile nyingine nitawalaza nazo wageni."

Katika sentensi hizo mna nadharia nzima. Wimbo wa shughuli unapimwa kwa kazi yake: unaitikika, unachezeka na watu wa umri wote, una mahali pa bibi kuingia na shangazi kujibu. Wimbo wa kusikiliza una sheria nyingine: sauti, kisa, na kama unavumilia kurudiwa usiku mtu akiwa peke yake. Mhakiki anayeukosoa wimbo wa shughuli kwa kukosa maneno mazito amekosea mlango, na anayeulaumu wimbo wa kusikiliza kwa kutochezeka amekosea vilevile. Kijana wa kibandani alilijua hilo, kwa sababu akikosea mama hakurudi.

Ongeza na kalenda ya korosho. Minada ya vyama vya ushirika huanza takriban Oktoba; TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Pesa inapoingia, ndoa zinafungwa, sabufa zinanunuliwa, na wasanii wa Dar es Salaam wanaikumbuka barabara ya kusini. Msimu huo albamu inapita mtihani ambao hakuna gazeti linaloutoa: inapigwa shughuli ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nyimbo mbili zinabaki, kumi na mbili zinaachwa. Ukitaka kujua albamu ina nini, subiri Januari kisha uliza Newala ni zipi bado zinapigwa.

Na uwanda huu umetoa msanii mwenye albamu nyingi za kupimwa. Rajab Abdul Kahali, ambaye dunia inamwita Harmonize, ni mtoto wa Chitoholi mkoani Mtwara. Alijaribu Bongo Star Search, majaji wakamkataa mbele ya kamera, na kipande hicho cha video kimesambaa sana tangu awe maarufu. Watu hukitazama wakiwalaumu majaji. Mimi ninakitazama kwa swali jingine: kijana yule alipimwa kwa kipimo gani? Mashindano ya runinga yanampa mtu nusu dakika asimame peke yake bila ala, aimbe wimbo wa mwingine. Kipimo hicho kinampendelea mwenye koo lililonyooka. Hakiwezi kumwona mtu ambaye kipaji chake ni kuanzisha neno na kuwafanya wengine waliitikie. Mwaka 2015 Aiyola ikatoka chini ya lebo ya WCB Wasafi, 2016 Matatizo, na 2018 Kwangwaru akiwa na Diamond, nchi ikaitikia.

Isikilize Kwangwaru kwa sikio la uwanja. Kiimbwacho na kiongozi ni kifupi, jibu lake ni fupi zaidi, na pengo kati ya hivyo viwili limeachwa wazi makusudi ili umma uingie. Sauti ya Harmonize mwenyewe haina ukubwa, ina ukwaruzo kidogo na huzuni hata anapochangamka, na kwa hiyo haiwafukuzi wanaotaka kuimba naye. Huo ni ufundi wa kiongozi wa ngoma. Simaanishi kwamba ameuchukua wimbo wa unyago akauweka studio. Nazungumzia mpangilio, jinsi mzigo wa wimbo unavyogawanywa kati ya mmoja na wengi. Mtu aliyekulia mahali ambapo kila wimbo una wenye kuuitikia hawezi kuusahau mpangilio huo hata akihamia kwenye kompyuta.

Kwa kipimo hichohicho, albamu yake ya kwanza, Afro East, inanisumbua. Ilitoka Machi 2020, msanii akiwa ameondoka Wasafi mwaka uliotangulia na kuanzisha Konde Music Worldwide, lebo yenye jina la watu wake. Matarajio yalikuwa makubwa nyumbani. Oktoba 2019, akiwa ziarani kusini, Rais Magufuli alikuwa ametamka hadharani kwamba angependa kumwona akigombea ubunge Tandahimba. Albamu ilikuja na wageni wengi, Burna Boy wa Nigeria akiwa mmoja wao, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mgeni akiingia wimbo unasimama umpishe, anafanya lake, anaondoka. Kiimbwacho kinapokezanwa kati ya mastaa wawili, na lile pengo lililokuwa la umma limezibwa. Ni albamu iliyosukwa vizuri, yenye sauti safi na midundo ya Afrika Magharibi iliyopigwa kwa ustadi, lakini katika nyimbo nyingi nasikia mtu anayeomba nafasi katika uwanja wa wengine ilhali wake ameuacha wazi. Anapobaki peke yake na kisa chake, kama alivyofanya katika Never Give Up, wimbo wa kusimulia alikotoka, hafikiriki mtu wa kumpokea kipaza sauti.

Haki inanitaka niongeze jambo. Siku zilezile mgonjwa wa kwanza wa korona alithibitishwa nchini, na mikusanyiko ikasimamishwa. Afro East haikupata uwanja wake kwa wakati wake. Albamu ya shughuli iliyozaliwa wakati shughuli zimezuiwa haijahukumiwa kikamilifu, na ninaiachia nafasi hiyo.

Baada yake amekuwa mwepesi kupita wote. High School mwaka 2021, Made for Us 2022, Visit Bongo 2023, Muziki wa Samia 2024. Mwaka 2021 huohuo alitoa Sandakalawe, wimbo wa amapiano uliopewa jina la mchezo wa watoto wetu wa kutupiana na kunyang'anyana, na hapo naona anachokiweza kuliko wenzake wengi: mdundo umetoka Afrika Kusini, lakini mwito ni wa nyumbani na kila mtoto wa Kitanzania anajua la kujibu. Ningekuwa mtayarishaji wake ningemshauri aondoe nusu ya nyimbo za albamu hizi. Albamu kubwa mwaka baada ya mwaka ni nyingi mno kwa mtu yeyote, na zilizo bora zinazikwa chini ya zilizojazia. Ibraah, kijana mwingine wa Mtwara aliyetokea chini ya lebo ya Konde Music Worldwide mwaka 2020, alifika kwenye albamu, The King of New School, mwaka 2022. Anaimba kwa utulivu ambao mkubwa wake hana, na ni wa kusikiliza zaidi ya shughuli. Bado hajaandikiwa uchambuzi anaostahili.

Kuna watakaosema namdai Harmonize ngoma za kwao. Simdai. Msanii hana deni la kuvaa njuga ili aonekane Mmakonde, na nyimbo nyingi za jando na unyago si mali ya umma. Zina wenyewe, zina mahali na wakati wake, na mhakiki mwenye adabu hazipeleki gazetini wala hamwombi mtu azipeleke studio. Ninachodai ni kwa upande wetu tunaoandika. Tumeikuta jamii yenye kipimo kamili cha muziki, kipimo cha kuwambwa kwa ngoma, cha kuingia na kutoka, cha nafasi ya muitikiaji, cha kazi ya wimbo, nasi tumekwenda kuandika kuhusu magari ya wasanii.

Masasi haijakosa watu wa kalamu. Benjamin Mkapa wa Lupaso alihariri The Nationalist na baadaye Daily News kabla hajawa Rais, na katika miaka yake kumi ya urais redio binafsi na muziki wa kizazi kipya vilikua pamoja. Leo Masasi ina Redio Fadhila, na uwanda una redio ya jamii yake. Redio hizo zina kitu ambacho studio za Dar es Salaam hazina: mpiga vinganga anaweza kutembea kwa miguu mpaka mlangoni. Aalikwe. Apigiwe albamu mpya nzima, wimbo hadi wimbo, aulizwe mdundo huu umekaa au haujakaa na kwa nini, mama wa shughuli akae pembeni yake ambishie, na kijana anayeingiza nyimbo kwenye simu awe wa tatu. Mtangazaji anyamaze asikilize. Kinachosemwa kinaswe, kiandikwe kwa Kiswahili kilekile walichokisema, na majina ya wasemaji yachapishwe kwa ridhaa yao kama yanavyochapishwa ya wasanii.

Na wewe mhariri wa ukurasa wa burudani, albamu itakayofuata kutoka Mtwara ipe nusu ukurasa. Mtume mwandishi wako Newala akaisikilize huko msimu wa korosho, kisha ndipo aandike.